Risasi Isiyoua

Nilikinunua Geita, kitambua-metali cha mkono wa pili,
kwa kijana aliyekata tamaa na dhahabu.
Kina plasta kwenye mpini, kinalia kama mtoto mwenye usingizi.
Nikakileta huku Igogo, nyuma ya ghala lililokufa,
mahali ziwa lilipopanda mwaka ule likala uzio
kisha likarudi nyuma bila kuomba radhi.

Kizibo cha soda. Msumari wa reli. Kizibo. Kizibo.
Halafu mlio mzito, wa chini,
kama mtu anayekohoa ndani ya pipa:
kipande cha risasi, upana wa ukucha wa dole gumba,
kimevaa ukungu mweupe,
na matundu mawili yamepenya ubavuni.

Mwanangu Nyanzobe akaruka nyuma. "Risasi!"
Nikamwambia lugha yetu hapa imefanya ubahili,
imetoa neno moja kwa kinachoua na kinachofunga gunia.
Hii haikutoka kwenye bunduki.
Hii ilikaa shingoni mwa mzigo, kimya,
ikisema: bado sijaguswa.

Usiisugue kwa msasa.
(Ya kwanza niliisugua. Ikang'aa, ikasahau kila kitu.)
Mswaki laini, maji ya uvuguvugu,
na mikono ioshwe kabla ya ugali.
Kisha zima taa ya dari, laza tochi mezani,
mwanga uchungulie kwa ubavu kama jirani mmbea,
na herufi zitaamka moja moja.

Nilisoma hivi: M, halafu kovu, halafu Z.
Upande wa pili taji, au mti wa pamba,
au jino tu la koleo lililochakaa.
14. Mwaka? Behewa?
Gramu sita na nusu kwenye mizani ya duka la Kishosha,
ambaye aliniuliza nauza nini.

Ninazo thelathini na moja, zimo kwenye daftari la hesabu.
Kumi na tisa za marobota ya pamba, nadhani.
Nne za mifuko ya barua.
Moja ingali na waya wake wa shaba,
umekatwa, haukuchanika:
mtu mwenye ruhusa, au mtu mwenye koleo.

Kuna namba ninayoitafuta, wala simwambii mtu.

Babu Lugwisha alikuwa hamali bandari ya kusini.
Robota moja lilifika mizani bila lakiri, pungufu kilo tano,
na karani hakutaka ushahidi zaidi ya ile shingo tupu.
Wakamfukuza siku ya Jumanne. Mama anayo barua mpaka leo:
*lakiri na. 417, haikuonekana.*
Babu alikufa akisema ilidondoka.
"Ilidondoka, mayu. Vitu hudondoka."
Hakuna aliyeinama kutazama.

Mimi nainama.
Nimepata 411. Nimepata 4, halafu kitu, halafu 7,
na usiku ule sikulala,
nikaweka karatasi juu yake nikapitisha penseli
mara kumi, na mara kumi ikanijibu vilevile:
4, giza, 7.

Shemeji Bwire, mwenye nyavu, ananicheka.
Kwake hizi ni chubwi.
Baba yake alizizoa kwa makopo,
akaziyeyusha kwenye sufuria mbovu, akazimimina mchangani;
nusu ya ushahidi wa mji huu
imetembea chini ya ziwa ikivuta sato.
Jana aliniomba zile zisizosomeka.
Nikampa saba. Ya nane niliishika,
nikairudisha mfukoni.

Leo nimempelekea mama.
Hakutafuta miwani, hakugusa tochi.
Aliilaza kiganjani, akaipandisha, akaishusha
kama anayepima chumvi,
akasema, "Kumbe ilikuwa ndogo hivi."